Mlio wa mjomba

SWALI: Shikamoo Bibi. Nafundisha Baiolojia sekondari hapa Nanyumbu, Mtwara. Nataka kusomea uzamili wa tabia na mawasiliano ya wanyama, ila wenzangu wananiambia hayo ni mambo ya Ulaya. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anzia hapo hapo ulipo.

Mimi nimekulia Masasi, na mjomba wangu, Myao, alikuwa mrina asali. Akiingia porini alitetemesha ulimi, “brrrr”, akamalizia na “hm” fupi ya kooni. Mlembe, ndege anayewaongoza watu hadi kwenye nyuki, akaja, akalialia juu ya tawi, akaruka mti hadi mti mpaka penye nyuki. Mjomba akisharina alimwekea kipande cha sega juu ya majani mabichi, maana ndege yule hula nta.

Sasa sikiliza. Mwaka 2016 watafiti Claire Spottiswoode, Keith Begg na Colleen Begg walichapisha utafiti wao kutoka Niassa, Msumbiji, ng'ambo tu ya Ruvuma. Walipita porini wakicheza kwenye spika mlio wa Wayao, kama ule wa mjomba, maneno ya kawaida ya watu, na sauti ya mnyama mwingine. Kwa mlio wa Wayao, ukilinganisha na sauti zile nyingine, uwezekano wa kuoneshwa nyuki ulipanda kutoka asilimia 16 hadi 54. Mwaka 2023 Spottiswoode na mtafiti mwenzake Brian Wood wakaonesha kwamba milembe wa kwa Wahadza, wawindaji wa kaskazini mwa Tanzania, huitikia zaidi mluzi wa Wahadza, na wa Niassa mlio wa Wayao. Je, wa upande wetu wa mto? Swali hilo nakupa wewe.

Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, wana uzamili wa usimamizi wa wanyamapori. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya zoolojia. Nje, tazama taasisi ya FitzPatrick, ya utafiti wa ndege, ya Chuo Kikuu cha Cape Town. Ufadhili, fuatilia DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo. Kibali cha utafiti wa wanyamapori hupitia TAWIRI, Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania. Lakini kabla ya fomu yoyote mwandikie mhadhiri mmoja ukurasa mmoja, wenye swali lako na ulichokiona kwa macho yako.

Kwa hiyo Jumamosi hii fuatana na mrina asali. Beba daftari: saa, mahali, mlio gani, ndege alikuja baada ya dakika ngapi, alikufikisha au alikuacha njiani. Siku asizokuja ziandike pia, mwanangu. Wengi huziruka, na bila hizo hesabu haisimami.