Mbona sihamii kwenye joto

Juzi mdogo wangu alinitumia sauti ya dakika tatu, kwangu usiku wa manane, kwao Kisauni, Mombasa, asubuhi na jogoo wa jirani anasikika. Amesikia theluji huku Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, imefika magotini. Ukiondoa salamu na vicheko, swali lake lilikuwa hili: "Dada, mume huna, mtoto wa kumpeleka shule huna, nyumba yenyewe umepanga. Hiyo baridi unaing'ang'ania ya nini? Si uhamie Florida au Texas, mnakosema kuna joto kama kwetu? Au basi urudi." Najua hakuuliza peke yake. Mama naye huuliza, ila yeye hulizungusha, huanzia kwenye goti langu.

Basi nijibu bila kuficha. Baridi siipendi. Nina miaka 52, goti la kulia hunipa habari za hewa kabla ya redio, na tarehe 30 Januari 2019 nilisimama kituoni Minneapolis nikisubiri basi ikiwa nyuzijoto 33 chini ya sifuri, kope zikagandana. Anayekwambia ameizoea, muulize koti lake alinunua kwa pesa ngapi. Kinachonifunga hapa ni kadi moja ya plastiki iliyo pochini mwangu, kadi ya bima ya matibabu.

Kwetu mtu akiugua tunauliza kwanza amepelekwa wapi, halafu mchango unaanza kuzunguka. Huku ukifika dirishani unaulizwa bima yako ni ipi. Ukiwa mahututi hawawezi kukufukuza. Kuna sheria ya 1986 inayoilazimisha hospitali ikupime na ikutulize hata kama mfukoni huna kitu. Lakini sheria hiyo haijasema hutalipa. Bili inakuja nyumbani kwa posta, taratibu, haina haraka.

Mimi imeshanifuata. Nilipoingia nchi hii mwaka 2006 sikuanzia kwenye theluji. Nilianzia Dallas, Texas, kwenye joto hilohilo mnaloniambia nilifuate. Nilikuwa nalea wazee majumbani mwao, nalipwa kwa saa kupitia wakala, bima hakuna. Mwaka 2009 mawe ya nyongo yakanishika usiku. Nikapasuliwa, nikalala siku mbili, nikatoka mzima. Wiki tatu baadaye bahasha zikaanza kuingia: ya hospitali mbali, ya daktari aliyenipasua mbali, ya aliyenitia usingizi mbali, ya maabara mbali. Nilipojumlisha zilipita dola 23,000, na mshahara wangu wa mwaka ule haukufika hapo. Niliomba kupunguziwa, wakapunguza, kilichobaki nikakilipa dola 100 kila mwezi kwa miaka. Ile miezi ambayo sikutuma chochote nyumbani, na baadhi yenu mkasema nimeshaota mbawa, pesa zilikuwa zinaenda huko.

Mwaka 2011 nikaolewa, nikahamia huku Minnesota, na bima nikaipata kwa mume. Hilo hamlijui kwetu: huku wanandoa huandikana kwenye bima ya kazini. Mmoja akiachishwa kazi, mwenzake anamfunika, wanaendelea. Nilikaa miaka sita sijui hata bei yake. Talaka ilipotoka 2017 nilidhani nimepoteza mwanamume tu. Ikaja barua: unaweza kuendelea na bima ileile, sheria inakuruhusu hadi miezi 36, ila sasa utalipa gharama yote wewe, sehemu ya mfanyakazi na ile ya mwajiri, na asilimia 2 juu yake. Kwangu ilipita dola 600 kwa mwezi. Chumba nilichohamia kilikuwa dola 750.

Nilichofanya ni kutafuta kazi kwenye nyumba ya wazee, kubwa, yenye wafanyakazi wengi. Sababu ilikuwa moja. Mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi wa muda wote, asipompa bima anayefanya saa 30 kwa wiki, sheria inaweza kumtoza faini. Wallahi mshahara sikuuliza hadi siku ya kutia sahihi. Leo nakatwa dola 160 kila mwezi, na msifikiri hapo yameisha. Kuna kiasi lazima nilipe mwenyewe kila mwaka kabla bima haijaanza kutoa chake, na changu ni dola 2,000. Kila Januari narudi kuwa mtu mwenye kadi anayelipa kama asiye na kadi.

Sasa tuje kwenye Florida yenu. Wale wazee mnaowaona pichani wameota jua na kaptula zao, wengi wao wamepita miaka 65. Hapo ndipo mtu aliyechangia kazini miaka 10 anapoingia Medicare, bima ya wazee ya serikali kuu, na hiyo unatembea nayo jimbo lolote. Mimi nimebakisha miaka 13. Mtu wa umri wangu asiye na mwajiri wa kumpa bima anakwenda kuinunua mwenyewe. Tangu 2014 kampuni haziruhusiwi kukukataa kwa sababu una presha au kisukari, na kwa hilo tunashukuru. Umri wako, lakini, wanaruhusiwa kuutoza. Mtu wa miaka 64 anaweza kutozwa mara tatu ya kijana wa 21, na katika majimbo mengi mwanamke wa 52 ni karibu mara mbili ya kijana huyo. Serikali hukupunguzia kulingana na kipato. Mwaka 2021 punguzo hilo lilikuzwa likawafikia hata watu wa mishahara ya kati, ila sheria ililiwekea mwisho, na mwisho ulikuwa 2025.

Mimi sina mshahara mkubwa, kwa hiyo hofu yangu iko upande wa chini, na hapa naomba mnisikilize vizuri maana ndipo jibu lilipo.

Kuna bima ya watu wa kipato kidogo, inaitwa Medicaid. Sheria ya 2010 ilitaka kila jimbo limfungulie mtu mzima yeyote aliye maskini. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ikasema jimbo halilazimishwi. Hadi leo majimbo 10 hayajafungua: Texas, Florida, Georgia, Alabama, Mississippi, Tennessee, South Carolina, Kansas, Wisconsin na Wyoming. Toeni hayo matatu ya mwisho, mtizame ramani. Ni karibu njia yote mnayoniambia niifuate.

Texas, mtu mzima asiye na mtoto wa kulea, asiye mjamzito wala mlemavu, hapati Medicaid hata awe analala kituo cha basi. Aende basi kununua kwa punguzo? Kwa bima ya mwaka 2026, punguzo kwa mtu mmoja lilianzia kipato cha dola 15,650 kwa mwaka. Ukiingiza dola 16,000, serikali inakulipia sehemu kubwa sana. Ukiingiza 15,000, hupati hata senti, unapewa bei kamili. Nililisoma mara tatu nikidhani Kiingereza kimenishinda. Umaskini wako umepitiliza hadi hufai kusaidiwa! Sasa mimi niende Houston, goti linikatae, nikose kazi miezi sita. Mtu huyo ndiye mimi. Mwenye mume angemwambia mumewe amwandike kwake. Mwenye mtoto mdogo, angalau angekuwa na mlango wa kubisha. Mimi sina hata huo wa kubisha. Lakini nikianguka hapa Minnesota, jimbo linanipokea, na nikisimama kidogo kuna mpango mwingine wa jimbo, MinnesotaCare, wa wale waliozidi kiwango cha Medicaid lakini bado hawajafika popote. Theluji hii nailipia hivyo.

Kuna na jambo jingine ambalo bima yenyewe haiwezi kulitibu. Mwaka jana nilifanyiwa kile kipimo cha utumbo mpana, cha kamera. Huku wanakihimiza kuanzia miaka 45, na bima inakilipia chote bila kugusa zile 2,000 zangu. Bure kabisa. Ila unatiwa dawa ya usingizi, na hawakuachii kutoka mpaka aje mtu mzima akupeleke nyumbani. Dereva wa teksi hahesabiwi. Kwenye fomu kuna mstari: jina la atakayekuchukua, na simu yake. Nilikaa na mstari ule siku nne. Ninaosalimiana nao ni wengi, harusi wananialika, misiba tunazikana. Lakini wa kumwambia apoteze mshahara wa Jumanne nzima aje akae kwenye kiti cha plastiki anisubiri, kisha anione nikiropoka na dawa kichwani, nilimtafuta sikumpata. Mwisho mwenzangu wa zamu ya usiku, mama mmoja wa Kiliberia, akaiona ile fomu kwenye begi langu akasema, niandike mimi. Alikuja na supu ya pilipili ndani ya chupa ya chai.

Nikihama, yule mama simkunji nikamtia kwenye sanduku. Mnaponihurumia upweke, mnahurumia jioni. Jioni nimechoka, nalala. Upweke wangu uko kwenye ule mstari wa fomu.

Na kurudi? Nimelipigia hesabu zaidi ya mnavyodhani. Uraia wa huku nimeshachukua, na Katiba ya Kenya ya 2010 inaniruhusu kubaki na wa kwetu, kwa hiyo pasipoti si tatizo. Pensheni itanifuata hadi Kisauni, kila mwezi, inshallah. Medicare haivuki bahari. Nje ya Marekani hailipi, labda mambo machache sana, na matibabu ya kawaida Mombasa si mojawapo. Bima niliyokatwa mshahara miaka yote hii kuichangia nitaiacha uwanja wa ndege. Nikitaka kuishikilia sehemu yake ya madaktari ili siku nikizidiwa nirudi huku, mwaka 2025 hiyo peke yake ilikuwa dola 185 kwa mwezi. Nikiiacha kisha nikaihitaji, naongezewa asilimia 10 kwa kila mwaka mzima niliokaa nje yake, na nyongeza hiyo haiondoki. Nyumbani nitajiandikisha SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, kama kila mtu, lakini nitataka na bima ya kampuni juu yake, na kampuni nazo huwa na umri wa mwisho wa kumpokea mwanachama mpya. Kwa hiyo nikirudi, nirudi mapema au nirudi na akiba. Akiba yangu mnaijua, nyingine mmeezekea nyumba ya mama.

Haya, na mimi si jiwe, nimeitafuta njia ya katikati. Arizona ilifungua Medicaid, nikafurahi, kisha nikasoma kwamba mwaka 2023 Phoenix ilipiga siku 31 mfululizo za nyuzijoto 43 na zaidi. Hilo si joto, hiyo ni tanuri, na bahari hakuna. Nimeangukia New Mexico. Medicaid wamefungua, na lile punguzo la serikali kuu lilipofika mwisho, jimbo lilitoa pesa zake lenyewe kuziba pengo la 2026. Mji unaitwa Las Cruces, uko kusini kabisa karibu na mpaka wa Mexico. Theluji ikianguka huko watu hutoka kupiga picha.

Nimeomba kazi nyumba mbili za wazee. Swali langu la kwanza kwenye simu lilikuwa bima inaanza siku ya ngapi, kwa sababu wanaruhusiwa kukusubirisha hadi siku 90. Kwa siku hizo kuna ujanja nitakaowapa na nyinyi mnaojiandaa kuja. Ukiacha kazi, kwa kawaida una siku 60 za kuamua kama utaiendeleza bima ya zamani kwa bei yake kamili. Ukiamua siku ya 59, inahesabiwa tangu siku ya kwanza, na unalipa zote tangu hapo. Kwa hiyo hulipi. Unaweka fomu mezani, unaendesha gari polepole, unaomba Mungu. Ukivunjika mguu unaitia sahihi.

Nyumba moja imeniita kwa mahojiano wiki ijayo. Wakinikubali nahama Machi. Mama wa Kiliberia nimeshamuuliza kama ana ndugu Las Cruces. Anasema hamjui mtu huko, lakini kanisani kwao yuko mtu anayemjua mtu, atauliza Jumapili.