Mwanangu, kuhusu sura ile iliyokunyima usingizi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unasema ulifika pale Rin, yule askari msichana aliye mhusika mkuu, anapoingia Golyn Niis na kukuta mji mzima umechinjwa, ukaifunga riwaya ya The Poppy War, na sasa unaniuliza: kuna haja gani kusoma ukatili wa kiasi kile, tena ndani ya hadithi ya miungu na uchawi?

Miungu ndiyo ya kubuni, mwanangu. Mauaji yale siyo. R. F. Kuang, aliyetoa riwaya hiyo mwaka 2018, aliichota sura ile katika mauaji ya Nanjing. Jeshi la Japani liliuteka mji huo, uliokuwa mji mkuu wa China, tarehe 13 Desemba 1937, na kwa takriban wiki sita likaua mateka na raia, likabaka wanawake bila kujali umri. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Tokyo ilikadiria waliouawa kuwa zaidi ya 200,000; China husema 300,000. Hata ile maabara utakayoikuta mbele ilikuwa na mfano wake: Kikosi 731 cha jeshi hilohilo la Japani, karibu na Harbin, China, ambako madaktari waliwapasua watu wakiwa hai.

Usione haya kwamba kurasa tu zimekuumiza hivyo. Minnie Vautrin, mwalimu Mmarekani, aliwahifadhi maelfu ya wanawake na watoto katika chuo cha Ginling pale Nanjing. Askari wakija langoni kutafuta wasichana, anatoka mwenyewe kuwakabili; usiku anaandika shajara. Alirudi kwao mwaka 1940 akiwa amevunjika moyo, na mwaka uliofuata akajiua. Namkumbuka kila nikisikia mtu anajisifu kwamba habari za vita hazimtikisi.

Lakini sura hiyo siyo inayonitia wasiwasi. Hapo umeumia kama mtu anavyopaswa kuumia. Naogopa zaidi zinazofuata, Rin atakapokuwa na nguvu ya moto ya kutosha kulipiza kisasi, na wewe, maiti za Golyn Niis bado zikiwa machoni pako, utatamani awachome maadui wote. Mwandishi amekuandaa kwa makusudi utamani hivyo. Soma polepole hapo. Jiulize nani wanaishi upande wa pili wa moto ule, na wangapi kati yao hawajawahi kushika silaha. Kitay, rafiki yake, atakapomkabili Rin, msikilize hadi mwisho, hata kama moyo wako uko kwa Rin.

Sikulazimishi kumaliza. Ukiona ushuhuda wa Venka, yule aliyesoma na Rin, kuhusu aliyotendewa Golyn Niis unakuzidi, uruke, hadithi haitakupotea. Usiisome usiku ukiwa peke yako, na ukihitaji wiki nzima kabla ya kuifungua tena, chukua.

Ukimaliza nipigie simu, saa yoyote. Nataka uniambie ulikuwa upande wa nani moto ulipowaka.

Mama yako