"Mama, nihame uhandisi?"

Mwanangu,

Meseji yako niliiona usiku, ila picha za karatasi ya test nimezifungua leo asubuhi, macho yakiwa na nguvu. Unasema: "Mama, kidato cha sita nilisoma PCM, fizikia, kemia na hisabati, nikatoka na Division One, huku mekaniksi nimepata 11 kwa 30. Si bora nihamie ualimu wa hisabati kabla sijadisko, nikafukuzwa chuo?" Hilo la ualimu kuwa pa kukimbilia tutalizungumza ukija likizo, mimi na wewe, na chaki yangu mkononi.

Twende kwenye swali la pili, maana ndilo limekumaliza. Boriti ya mita 6, kushoto imeshikwa kwa pini, kulia imekaa juu ya rola, katikati kuna nguvu ya kilonewtoni 10 inayoikandamiza kwa mshazari wa nyuzi 60 kutoka kwenye boriti. Umeichambua vizuri: 8.66 ya kwenda chini, ukaigawa 4.33 kila upande. Safi kabisa. Na ile 5 ya mlalo umeipata, ukaipigia mstari, halafu ukaitelekeza. Kwenye mchoro wako pini haina mshale wowote wa kuizuia. Boriti yako, mama, inateleza inakwenda zake! Rola haiwezi kuishika, yenyewe inabeba wima tu. Pini ndiyo ilitakiwa kurudisha hizo 5. Hesabu zote ziko sawa, umekosa mshale mmoja.

Kwa hiyo tatizo si kichwa. Kidato cha sita swali linakuja limeshatafunwa: umepewa hiki na hiki, tafuta kile. Unapiga pasti pepa mpaka unalitambua swali kabla hujamaliza kulisoma, na sisi walimu ndivyo tunavyowaandaa. Huko chuoni Mlimani hakuna anayekutajia nguvu ziko ngapi. Kuziona ndiyo kazi yenyewe, hesabu zinafuata baadaye. Ukipata swali, usikimbilie fomula. Chora kitu peke yake, kimeng'olewa kwenye kila kinachokishika, halafu kila ulipokata jiulize: hapa kinaweza kusogea pembeni? Kupanda au kushuka? Kuzunguka? Kila kinachozuiwa kina mshale wake au mzunguko wake. Kumi za namna hiyo kila wiki, kwa mkono, bila kutazama majibu. Kukesha na notisi za watu hakutakusaidia kwenye somo hili.

Kuhusu michoro, umeandika kwamba wenzako wanamaliza na kutoka wewe bado unafuta. Umewauliza wametoka wapi? Waliotoka shule za ufundi, Ifunda au Moshi Ufundi, wameanza kushika T-skwea, ile rula ya kuchorea, kidato cha kwanza. Wewe umeishika Novemba. Lazima wakuache, kwenye michoro. Kwenye kalkulasi sidhani kama watakuacha, kwa hiyo tafuta wawili kati yao mfanye diskasheni ya kubadilishana: wakuonyeshe jinsi ya kusoma umbo kutoka juu, mbele na ubavuni, wewe uwapitishe kwenye intigrali. Usiende kwenye kundi la watu kumi na tano, huko watatu wanasoma na waliobaki wanasubiri chakula.

Karakana hukuiandika sana, ila nimecheka uliposema umepiga tupa kipande cha chuma siku nzima na bado ukikipima kwa skwea mwanga unapita. Mikono itazoea. Wavulana nao malengelenge wanayo, wanayaficha tu.

Sasa jibu. Usijaze fomu ya kuhama kwa sababu ya karatasi hii. Kozi weki yote ni alama 40, mtihani wa mwisho ni 60, na hii test ni kipande tu cha hizo 40. Hata ikitokea sapu, yaani kurudia mtihani, sapu si kudisko, inafanywa na maisha yanaendelea. Tena safari yenyewe ni ndefu: miaka 4 ya shahada, kisha kama 3 ya kufanya kazi chini ya wahandisi wazoefu kabla Bodi ya Usajili wa Wahandisi haijakutambua kuwa mhandisi kamili.

Ila nisikufunge. Mwaka ukiisha, umeshakwenda mafunzo kwa vitendo, umevaa buti na kofia ngumu, na ukaona kazi yenyewe haikuvutii, hapo njoo tuongee na sitakuzuia. Kuichoka kazi uliyoiona ni tofauti na kuikimbia alama. Na kabla ya kugusa chochote, pita dawati la mikopo uulize kuhama kutafanya nini kwenye mkopo wako.

Bumu, hela ya mkopo, likiingia, lipa deni la ubao wa kuchorea kwanza, viatu vitangoja. Alhamisi nenda ofisini kwa mwalimu wako na karatasi hiyohiyo, umwonyeshe swali la nne, maana pale mimi mwenyewe naona alama mbili umenyimwa. Ukitoka kwake nipigie, usinitumie meseji.

Mama