Jibu: Simfonia ya Kraus, C maina au C-shapu maina?

Salaam ndugu. Kama nimekuelewa, una mafaili mawili ya simfonia (muziki mrefu wa okestra) za mtunzi Joseph Martin Kraus yenye tuni zinazofanana, moja kwenye ufunguo wa C maina na jingine C-shapu maina, ulio juu kidogo kwa nusu sauti, nawe unashuku mtu amepandisha sauti kwa kompyuta. Hapana, zote ni za kwake.

Kwanza hesabu sehemu za simfonia. Zikiwa nne na ya tatu ni menueti (dansi ya mapigo matatu), hiyo ni ya C-shapu maina, VB 140, toleo la awali. Zikiwa tatu, ni VB 142, aliyoiandika upya mwaka 1783 akaondoa menueti. Namba za VB ni za katalogi ya kazi za Kraus iliyoandaliwa na mtafiti wa muziki Bertil van Boer. Tafuta kwa hizo, majina ya mafaili yanapotosha sana.

Ila angalia: ipo C maina nyingine, VB 148, ya msiba wa Mfalme Gustav III wa Sweden aliyeuawa 1792. Hiyo huanza na ngoma peke yake, huwezi kuikosea. Faili lako sijalisikia, kwa hiyo anza kwa kuhakikisha kwamba siyo hiyo.

Kraus alizaliwa Miltenberg, Ujerumani, 1756, mwaka mmoja na Mozart, akahamia Stockholm 1778 na kufia huko 1792 kwa kifua kikuu. Mimi VB 142 naipenda kuliko zote: ule mwanzo wa polepole, ala za nyuzi zikigongana sauti kwa uchungu, halafu mbio zinaanza. Isikilize kwa spika za masikioni, sauti za chini zinapotea kwenye simu.