Mnyang'anye Fundi Drili, Kwanza Pima

Juzi jioni msomaji mmoja wa Mwanza kaniandikia: "Kaka, gari limefika salama kutoka Dar. Niko gereji, fundi kashika drili anauliza pleti namba ya mbele aitoboe wapi. Nifanyeje?" Nilimjibu maneno mawili tu: mnyang'anye drili. Kisha nikakaa na simu mkononi, roho inanichoma kama vile bampa ni langu.

Mdogo wangu, mimi niliwahi kusimama palepale uliposimama. Mwaka 2019 nilitoa bandarini Mark X ya 2010, nyeupe ile ya lulu, ambayo ukiiangalia asubuhi ni rangi moja na jioni ni nyingine. Habari za kuidunduliza hiyo hela siwachoshi nazo, wote tunazijua. Nilipopewa pleti namba nikaenda kwa fundi wa mtaani kwetu. Akaiweka kwenye bampa, akafumba jicho moja, akafumbua, vuuu! Matundu manne, mawili kila upande. Hazikufika dakika tano. Nikamlipa, tena nikamshukuru.

Nyumbani mdogo wangu wa kike alitoka mlangoni, akalizunguka gari, akasema, "Kaka, mbona gari lako limepinda mdomo?"

Alisema kweli. Nilichukua futi ya fundi cherehani nikapima, na hapo ndipo nilipoelewa nilichotakiwa kukielewa kabla. Wajapani wanatengeneza ule uwazi wa bampa kwa ajili ya pleti namba yao, ambayo ni fupi na nene: sentimita 33 kwa 16.5. Hii yetu ndefu ilikuwa sentimita 52 kwa 11. Kwa hiyo ukiiweka katikati, inatokeza sentimita 9.5 kila upande, na huko pembeni bampa limeshaanza kukunja kona. Fundi wangu alichofanya ni kukaza skrubu za pembeni mpaka pleti namba ikafuata tumbo la bampa. Ikawa imepinda kama kipande cha gome, na juu yake na chini yake ule uwazi wa Kijapani unachungulia. Kilichoniuma zaidi ni kwamba matundu mawili ya kiwandani yalikuwepo, yana nyuzi zake, yanasubiri bolti. Hakuna aliyeyaangalia. Hata mimi mwenye gari.

Kosa la pili nilifanya kwa mikono yangu mwenyewe. Nilienda Kariakoo nikanunua fremu ya plastiki inayong'aa, imeandikwa chini jina la duka la magari la Ulaya nisilolijua wala nisilowahi kulikanyaga. Fikiria, natembea nikimtangazia biashara mtu bure! Fremu zile zina utepe wa chini unaobana kwa vimeno vya plastiki, na pleti namba nzima inategemea vile vimeno. Jua la Dar likivipiga miezi kadhaa vinakauka kama biskuti.

Mvua za Aprili zikaja. Nikapita bonde la Jangwani maji yakiwa yamefika usawa wa taa za ukungu, kwa ubishi wangu. Maji ukiyaingia kwa gari yanasukuma kutoka chini, yanainua kila kilicholegea. Nilifika ng'ambo nikijipongeza. Nyumbani nikakuta fremu ipo, pleti namba haipo. Kesho yake nilirudi, vijana walikuwa wameokota pleti namba zilizong'olewa na maji na kuzipanga kandokando ya barabara kama dagaa juani, nikazikagua moja moja. Yangu haikuwemo. Yaliyofuata ni ripoti ya upotevu polisi, kisha kuomba nyingine TRA, mamlaka ya mapato. Tuyaache.

Sasa nisikilize. Kilichonitoa kwenye aibu hiyo sikukipata kwenye duka la spea. Nilikipata kwa fundi wa madirisha ya aluminiamu. Nilimkuta anakata fremu za dirisha, chini kumejaa vipande. Nikachagua kimoja bapa, unene wa milimita 3 hivi, nikamwomba anikatie kifupi kidogo kuliko pleti namba. Akatoboa matundu mawili katikati, umbali wa sentimita 21 kutoka moja hadi jingine, maana hiyo ndiyo nafasi ya yale matundu ya kiwandani kwenye bampa la Kijapani. Karibu na ncha akatoboa mengine mawili ya kufungia pleti namba yenyewe. Bolti ni za milimita 6, spana namba 10. Nunua za stenlesi, kwa sababu za chuma cha kawaida zikipata mvua na chumvi ya upepo wa baharini zinatiririsha kutu juu ya njano ya pleti namba, na kutu ile haifutiki. Nyuma ya kila bolti niliweka washa niliyoikata kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli. Tangu siku hiyo sijasikia ule mlio wa kra-kra-kra kwenye matuta.

Ukiangalia kwa mbele huoni kishikizo chochote. Unaona pleti namba imenyooka, imekaa katikati, basi. Wiki iliyopita kwenye foleni ya kuosha magari jamaa mwenye Crown alishuka, akainama, akaniuliza nimenunua wapi. Nilijifanya sijali. Nilijali sana.

Kwa hiyo pima kwanza. Pima upana wa uwazi, pima matundu ya kiwandani, angalia pleti namba haizibi njia ya hewa ya rejeta. Kama gari lako ni la miaka ya karibuni lenye rada ya breki, ile inayolifungia gari breki lenyewe, jua kwamba baadhi yanaificha kwenye shoo ya chini, yaani ule wavu wa mbele, usiiwekee bati mbele. Na zile kava nyeusi nyeusi, acha. Japani kwenyewe tunakoyatoa haya magari walipiga marufuku kava za pleti namba Aprili 2016, hata zile angavu kama kioo. Wewe unamficha nani?

Tatizo letu ni haraka. Mtu anavumilia meli wiki sita, anavumilia foleni ya ushuru, halafu anashindwa kuvumilia nusu saa ya kupima. Rimu ananunua, muziki anafunga, uso wa gari anamwachia mtu aliyefumba jicho moja. Pima, ndugu yangu. Ukishapima, pima tena.

Mimi matundu yangu bado ninayo. Pleti namba inayafunika, hakuna anayeyaona. Lakini kila nikiifungua kusafisha mchanga unaojikusanya nyuma yake, nayakuta yote manne, mawili kushoto, mawili kulia, na lile la chini kulia limeanza kuota ufa.