Kabla ya kuomba fedha za uwanja: kwa wanaoanza katika kamati za mitaa Lamu

Wengi wenu mnaoingia sasa katika kamati za mitaa hapa Lamu hunijia mkiwa na mchoro mkononi: pembea, mabenchi, miti ya kivuli, taa mbili tatu. Kwa miaka niliyoshughulikia maombi ya fedha za umma kwa ajili ya viwanja vya watoto na sehemu za kupumzikia, sijaona ombi lililokwama kwa sababu ya mchoro. Hukwama kwa ardhi, kwa tarehe na kwa gharama za uchukuzi, na ningependa myajue hayo mapema kuliko nilivyoyajua mimi.

Jueni kwanza mlango wa kubisha. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeziweka bustani, fukwe na sehemu za burudani za kaunti mikononi mwa serikali ya kaunti. Vijana wengi huanzia katika ofisi ya NG-CDF, ile hazina ya maendeleo ya maeneo bunge, kwa kuwa wameona madarasa yaliyojengwa kwa fedha hizo, ilhali sheria ya 2015 inaifunga hazina hiyo kwenye kazi za serikali ya kitaifa. Huko mtapokewa vizuri, na miezi itapita.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini anayesubiri Julai amekwisha kuchelewa. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba ya mwaka unaotangulia, waraka wa mkakati wa fedha hufuata kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Mradi usiotajwa katika mpango wa Septemba ni mgumu kuuingiza mwezi wa Aprili, hata mwakilishi wadi akiupenda kwa dhati. Kwa hiyo hudhurieni vikao vya kukusanya maoni ya wananchi, mtaje uwanja wenyewe, mahali ulipo na watakaoutumia, kisha mhakikishe kwamba maneno yenu yameandikwa kama mlivyoyatamka. Mwaka mmoja tuliomba uwanja wa watoto, kumbukumbu za kikao zikaandika neno moja tu, "michezo", na fedha zilipotoka zilinunua mipira na jezi. Tangu hapo hatuendi kikaoni bila barua, na nakala yetu hurudi nyumbani ikiwa imepigwa mhuri.

Ardhi ndiyo iliyonifundisha zaidi. Tulichagua kipande cha ufuo kilichoonekana kitupu kabisa, tukakipima kwa kamba, tukakiandikia ombi la kurasa nyingi. Tulikipima msimu wa kaskazi, vyombo vikiwa baharini. Kusi ilipoanza kuvuma, mashua zilipandishwa juu na kuinamishwa ubavu mmoja mmoja pale pale tulipokuwa tumechora pembea, na mafundi wakakaa chini yake wakikalafati kwa pamba na mafuta. Mzee mmoja wa vyombo alituambia kwa upole, "Wanangu, mumeona mtanga mtupu kwa kuwa sisi tu kazini." Hakuwa na hati yoyote, lakini haki ya matumizi yake ilikuwa ya zamani kuliko kamati yetu, nasi hatukuwa tumemuuliza yeye wala kikundi cha usimamizi wa ufuo. Tuliliondoa ombi, na naamini tulifanya sawa. Kitazameni kiwanja katika misimu yote miwili, asubuhi na jioni, maji yakijaa na yakipwa, kabla ya kuandika mstari wa kwanza.

Baada ya hapo ndipo mwende ofisi ya ardhi kuomba taarifa rasmi ya kiwanja. Eneo lililo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ardhi ya umma kwa mujibu wa Kifungu cha 62 cha Katiba, lakini hatua chache juu yake mnaweza kukuta shamba la familia au wakfu wa msikiti. Na kiwanja kikiwa ndani ya Mji wa Kale, ambao umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, waoneni watu wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya kabla ya kuchimba hata shimo la nguzo.

Kuhusu bei nitasema kwa ufupi. Msikubali makadirio yaliyonakiliwa kutoka Mombasa. Hapa mfuko wa saruji hulipiwa lori hadi Mokowe, upande wa bara, kisha chombo cha kuvusha, kisha punda kutoka gatini hadi kwenye kazi, na kokoto na mchanga hali kadhalika. Makadirio yasiyokuwa na safu ya uchukuzi humaliza fedha ukuta ukiwa nusu, na kuongezewa si jambo la kutegemea.

Mwisho ni matunzo, ambayo wafadhili huyauliza kwa sentensi moja na waombaji huyajibu kwa sentensi moja. Pembea yetu ya kwanza ilikuwa ya chuma na minyororo. Chumvi ya baharini iliila kwenye maungio, mahali ambapo rangi haikufika, na mnyororo ulikatika mtoto akiwa juu; tunamshukuru Mungu aliangukia mchanga. Iliyofuata tulimpa fundi wa mashua, akaitengeneza kwa mbao za mbambakofi na kamba nene ambazo kila mvuvi anajua kuziunga. Katika ombi tuliandika nani atakagua, lini, na kamba mpya zitanunuliwa kwa fedha gani. Daftari la ukaguzi hukaa katika duka lililo mkabala na uwanja, na kila Ijumaa baada ya Alasiri mmoja wetu hulichukua, akapitisha mkono kwenye kila kamba kutoka juu hadi chini, akatia sahihi.