Nina mimba, meneja ameniletea barua ya kuacha kazi

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nafanya kazi mapokezi kwenye loji moja huku Karatu, huu mwaka wa tatu. Nina mimba ya miezi mitano. Tumbo lilipoanza kuonekana meneja alinihamishia londri, akasema mgeni anayeshuka kwenye gari anataka kupokelewa na mtu mwepesi. Bakshishi sipati tena, na kutwa nabeba mashuka mabichi. Sasa masika yanakaribia na wageni watapungua, ameniletea barua ya kuacha kazi imeshachapwa, mimi nisaini tu. Anasema ataniajiri upya Juni. Nimwamini?
Mama Kijacho, Karatu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usisaini.

Nimefanya kazi vyumbani hotelini miaka mingi na ujanja huu wa masika naujua. Wavulana wa baa hupewa likizo, msimu ukifunguka wanarudi. Msichana mwenye mimba ndiye huletewa barua. Sababu ni hela. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 33, inakupa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 ukijifungua pacha. Ukiwa umeacha kazi mwenyewe, mwajiri halazimiki tena kukulipa likizo hiyo. Na Juni utakuwa umekaribia kujifungua. Atakuajiri vipi mtu aliyekuona mzito kwa miezi mitano?

Kuhusu londri, nimekasirika kweli. Kumwandikisha mgeni na kumpa ufunguo hakuhitaji kiuno chembamba. Kifungu cha 7 cha sheria hiyohiyo kinakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya mimba. Kazi inayohatarisha afya ya mjamzito nayo hairuhusiwi, na akihamishiwa kazi nyingine masharti yasiwe duni kuliko ya kwanza. Mwambie nesi wa kliniki unabeba nini kila siku, uombe barua ya daktari.

Halafu fanya haraka: taarifa ya likizo ya uzazi hutolewa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Kwa mimba yako zimebaki wiki chache tu. Andika nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, ukae nayo nyumbani, siyo kwenye kabati la kazini. Miezi miwili ya mwisho wasikupange zamu ya usiku. Ukirudi, una haki ya kunyonyesha ndani ya muda wa kazi, jumla isizidi saa mbili kwa siku.

Wakikufukuza kwa kukataa kusaini, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30, usingoje mtoto azaliwe kwanza. Ukisaini, utatakiwa wewe uthibitishe kwamba ulilazimishwa, na hilo ni gumu. Kama pale kazini kuna tawi la CHODAWU, chama cha wafanyakazi wa hoteli na majumbani, mwone katibu wiki hii, na hiyo barua iliyochapwa mpelekee kama ilivyo.